Fomu ya Mwandishi Mwenza

“Soma tena,” nilimwambia. “Soma kwa sauti, nisikie kama na wewe unaona aibu.”

Hakusoma. Aliigeuza ile karatasi juu ya meza ya maabara, akaikandamiza kwa kiganja kana kwamba feni ingeipeperusha, akasema tumeshazungumza vya kutosha. Ni fomu tu. Kule ofisini chuoni hakuna mtu anayezisoma fomu hizi, wanahesabu saini basi.

“Kama hazisomwi, mbona umeandika uongo? Si ungeandika ukweli, nao usisomwe vilevile?”

“Mama Kidoti, ni saa sita na nusu. Ofisi inafungwa saa kumi.”

“Saa naiona.”

Niliivuta karatasi kutoka chini ya mkono wake, nikaisoma mwenyewe. Makala ya tatu. Mtahiniwa, yaani yeye: kubuni wazo, kupanga utafiti, kukusanya sampuli, kuchambua matokeo, kuandika, asilimia themanini na tano. Msimamizi: ushauri na masahihisho, asilimia kumi. Mwandishi mwenza, yaani mimi: kuosha chupa na kuingiza namba kwenye kompyuta, asilimia tano. Chini yake maneno ya kuthibitisha kwamba yote hayo ni kweli tupu, na mstari mtupu unaoningoja.

Sikugombania asilimia. Angeandika mbili, lakini kazi zangu akazitaja zilivyo, ningesaini huku natafuta miwani. Kilichoniuma ni zile chupa. Chupa niliziosha kweli, tena kwa asidi, mara tatu tatu, mpaka vidole vikababuka. Lakini mtu uliyemngoja miaka mitano akikaa chini kuandika ulichomfanyia, akakumbuka chupa tu, unajiuliza siku zote hizo alikuwa anaishi na nani.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya idara ya maji. Nina diploma ya chuo, miaka kumi na moja kazini, na binti wa miaka tisa tunayemwita Kidoti kwa alama iliyo shavuni mwake. Baba yake aliondoka kabla mtoto hajajua kutambaa, na habari zake zimeishia hapo. Huyu wa leo alikuja miaka mitano iliyopita na begi la mgongoni na barua ya chuo kikuu inayomwombea ruhusa ya kutumia mashine yetu ya kupima madini kwenye maji. Mlinzi wa getini alimpa jina la Msomi siku hiyo hiyo, kwa sababu alisimama akasoma tangazo la kuegesha magari mpaka mwisho, na gari hana.

Alikuwa na tabia moja iliyoniponza. Mashine ikitoa namba, watu wote huangalia namba. Yeye aliniangalia mimi kwanza. Alisoma usoni mwangu kama ni nzuri au mbaya, ndipo akageukia kioo. Mwanamke aliyeachwa na mtoto mchanga hahitaji kuletewa maua. Akiangaliwa hivyo wiki tatu mfululizo, amekwisha.

Wapo wanaoandika tasnifu ya uzamivu kama kitabu kimoja kinene. Msomi alichagua njia ya makala: makala nne, kila moja itumwe kwenye jarida, ihakikiwe, ichapishwe; kisha unaziandikia utangulizi na hitimisho, unazijalidi pamoja, nayo inakuwa tasnifu. Alinieleza hayo tukiwa tumekaa kwenye ngazi za nyuma ya maabara tukigawana chupa moja ya soda, nami nikaona hiyo ni njia ya watu wenye akili. Unamaliza kidogo kidogo. Sikujua kwamba na ndoa yangu imewekwa kwenye njia hiyo hiyo.

Makala ya kwanza ikipokelewa tu, alisema, naenda kwa kaka yako kuzungumza. Ikapokelewa, akasema jarida lenyewe dogo, tungoje ya pili. Ya pili ilirudishwa mara mbili na mtu tusiyemjua jina wala sura, anayeitwa Mhakiki wa Pili. Huyo alitaka jedwali jipya, akataka sampuli ziongezwe, akataka aya nzima zifutwe halafu alipoziona hazipo akauliza ziko wapi. Nimewahi kuwaonea wivu wanawake kadhaa maishani, lakini sijawahi kumchukia kiumbe kama nilivyomchukia Mhakiki wa Pili. Siku moja nilimwuliza Msomi kama huyo mtu ana mke, na kama mke naye humrudishia chakula chenye maoni. Msomi alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alipocheka hivyo nilisahau kwamba nimeahirishwa tena.

Mama yake, ambaye yeye anamwita Bi Mkubwa, alikuwa na kauli moja: mwanangu ataoa akimaliza. Ataoa nani, hakuwahi kusema. Mimi, mwanamke mwenye mtoto, mwenye diploma, niliyemzidi mwanawe miaka miwili, alinikaribisha sebuleni, akanipa chai, akaniita binti, na kwa miaka mitano hakunionyesha chumba kingine chochote cha nyumba ile.

Makala ya tatu ndiyo iliyomtoa Msomi, na ilianzia jikoni kwangu Jumapili asubuhi. Kwa miezi minne alikuwa akipima maji ya mabomba ya mjini na maji yote yanatoka masafi. Hakuna cha kuandika. Alikuwa amekaa kwenye kigoda ameshika kichwa, mimi najaza birika. Akaniambia, kwa mazoea tu, niache bomba litiririke dakika mbili kwanza, kwa sababu ndivyo vitabu vinavyoagiza unapochukua sampuli.

Nikamcheka. Nani anamwaga maji dakika mbili kabla ya kujaza birika? Hayo maji yako ya vitabuni, nikamwambia, hakuna anayeyanywa. Mwanangu anakunywa haya ya kwanza, yaliyolala kwenye bomba usiku kucha.

Tukatazamana. Maji ya birika niliyamimina kwenye chupa ya maabara, na kesho yake tukayapima. Yalikuwa na madini ya risasi mara sita ya yale yaliyochotwa baada ya dakika mbili. Risasi hiyo ndiyo inayodumaza akili za watoto. Mpango wa kazi niliuandika mimi nyuma ya bahasha: chupa zigawiwe jioni kwenye nyumba arobaini, akina mama wajaze wenyewe wakiamka, kabla mtu hajanawa uso, na apite mwanamke kuzikusanya, maana hakuna atakayemfungulia mlango mtafiti wa kiume saa kumi na moja alfajiri. Mwanamke huyo nilikuwa mimi. Miezi minane, kabla ya kumpeleka Kidoti shule na kabla ya kuingia kazini. Jarida kubwa likaipokea bila kuomba hata nukta ihamishwe. Jina langu limechapishwa pale, la pili baada ya lake. Nakala niliitia kwenye bahasha ya plastiki kama cheti cha kuzaliwa.

“Sasa nieleze,” nilimwambia. “Na usiangalie saa.”

Akanieleza, tena kwa utaratibu mzuri, maana kueleza anajua. Kanuni ya chuo inasema katika kila makala mtahiniwa athibitishe kwamba wazo ni lake. Likiwa la mwenzake, makala ile haihesabiwi. Zinatakiwa nne, naye anazo nne kamili. Usajili wake unakwisha leo saa kumi, na alishaongezewa muda mara moja.

“Kwa hiyo nikisaini ukweli unabaki na tatu.”

“Nabaki na tatu.”

“Kanuni hii umeijua lini?”

“Tangu mwanzo.”

“Mbona hukuniambia tangu mwanzo?”

Alikuna shingo. “Ungeacha kunisaidia.”

Kumbe hakunijua. Ningemsaidia. Ningemwambia tu kwamba hili la maji ya kwanza tuliweke pembeni, liwe la ziada, tutafute lake mwenyewe. Ningemfulia mashati huku analitafuta. Mtu aliyekaa jikoni kwangu miaka mitano alikuwa ananiogopa kama anavyomwogopa mhakiki.

Nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Aandike ukweli. Aombe mwaka mmoja tena. Barua ya maabara ya kumuunga mkono naandika mimi sasa hivi, na mkuu wangu ataitia saini akitoka kula. Makala nyingine tutaifanya pamoja, wazo litoke kichwani mwake, nami nitaosha chupa tu, niandikwe nimeosha chupa.

“Na mwezi ujao tuoane,” nikasema. “Tusimngoje mhakiki yeyote tena.”

Friji ya sampuli ilinguruma, ikatulia. Alikuwa amevaa shati jeupe nililolipiga pasi Jumatano, na kwenye kola palikuwa na mkunjo mmoja ulionishinda. Nilitamani kuunyoosha. Hata katikati ya ugomvi mkono wangu ulitamani kwenda pale.

“Mwaka mmoja ni mrefu,” alisema.

“Mimi nimengoja mitano.”

“Wewe una kazi yako, unaheshimika. Mimi nina miaka thelathini na minane. Wanafunzi niliowafundisha wameshakuwa madaktari wa falsafa, wananiita kaka kwa huruma. Bi Mkubwa yuko hapo mapokezi, amevaa nguo mpya, anataka apigwe picha na mimi nikikabidhi. Nimwambie nini?”

“Mwambie umechelewa. Watu huchelewa.”

“Humjui Bi Mkubwa.”

“Ningemjuaje? Naijua sebule yake tu.”

Akazunguka meza akaja upande wangu. Akanishika kifundo cha mkono, pale glavu inapoishia, palipo wazi. Akaniita kwa jina langu. Si Mama Kidoti. Lile nililopewa na mama yangu, ambalo siku hizi nalisikia hospitalini tu wanapoita foleni.

“Nisaidie mara hii tu,” alisema. “Nikitoka pale ofisini sina kisingizio tena. Kesho niko kwa kaka yako. Naapa.”

Nikavua glavu. Nikachukua kalamu. Nilifikiria nyumba yangu ilivyo siku asizokuja, nikafikiria Kidoti alivyoanza kumwita baba bila kufundishwa na mtu, siku ile alipomtengenezea baiskeli. Nikafikiria asilimia tano. Wanawake wangapi wameolewa kwa chini ya hapo na maisha yanaendelea. Nikaweka ncha ya kalamu kwenye mstari.

Mlango ukasukumwa, Bi Mkubwa akaingia. Mkoba mkononi, kitambaa kipya, na viatu vilivyombana. Nilijua kwa jinsi alivyotafuta pa kukaa hata kabla ya salamu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba binti. Jamani, mmejifungia. Lile bango la kunawa mikono kule mapokezi nimelisoma mpaka naweza kulifundisha.”

Msomi alimwambia tunamalizia, imebaki saini tu. Bi Mkubwa akaiona kalamu mkononi mwangu, na mabega yakamshuka kwa raha. Akakaa kwenye kigoda cha kupimia, akaweka mkoba mapajani. Akaanza kunisifu. Alimwambia mwanawe zamani, alisema, kwamba yule binti ni mchapakazi na hatakuangusha. Hakuwahi kunichukia, nisimwelewe vibaya. Aliogopa tu mwanawe asije akazama kwenye mambo ya nyumba za watu kabla hajafika.

“Ila Mungu mwema,” alisema. “Wazo lenyewe lilimjia kwangu.”

“Wazo gani, mama?”

“Hili la maji ya kwanza. Lilimjia jikoni kwangu. Nilikuwa nimemwambia anijazie birika. Akafungua bomba, akasimama tu kama sanamu, maji yanamwagika. Nikamwuliza, una nini wewe? Akaniambia, Bi Mkubwa, hebu fikiria, nani anamwaga maji dakika mbili kabla ya kujaza birika?” Alijigusa mkono. “Nilisisimka mwili mzima. Nimewasimulia mashoga zangu wote. Mpaka daktari wangu wa presha anaijua hadithi hiyo.”

Niliishusha kalamu.

“Ilikuwa lini hiyo, mama?”

“Zamani. Hata hawajaanza kugawa hizo chupa. Miaka miwili na ushee.”

Hawajaanza kugawa chupa. Kwa hiyo ilikuwa wiki ile ile. Jarida halikuwepo, fomu haikuwepo, hakuna aliyekuwa amemwuliza kitu. Alitoka jikoni kwangu akaenda jikoni kwa mama yake, akafungua bomba, akasimama mbele yake akaigiza. Nilimwona kabisa: ameinamisha shingo, anatafuta pa kunyamaza kidogo kabla ya kuyasema maneno yangu. Hata maji aliyaacha yamwagike, ili ipendeze.

Nikamgeukia. Alikuwa anaitazama friji.

“Mwambie mama lilikuwa jiko la nani,” nikasema.

“Mama Kidoti, tafadhali.”

“Na birika la nani.”

“Si wakati wake huu.”

Bi Mkubwa alitutazama, mmoja baada ya mwingine. Ni mwanamke aliyelea mtoto peke yake na kumfikisha alipofika; mjinga hakuwa. “Wewe,” alimwambia mwanawe. “Anauliza nini huyu?”

“Haijalishi lilikuwa jiko la nani, mama.”

“Kwangu inajalisha. Mimi nimewasimulia watu.”

Bi Mkubwa aliendelea kumtazama, akingoja, na kadiri alivyongoja ndivyo uso ulivyozidi kumlegea. Nikamhurumia. Alikuwa ameipenda sana ile hadithi.

“Fomu ilikubana, nimeelewa,” nilimwambia Msomi. “Kanuni nimeelewa. Jikoni kwa mama yako nani alikubana?”

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati lile lile.

“Ningesema nini?” alisema mwishowe. “Miaka mitatu nasoma vitabu vya watu usiku na mchana, nazunguka na mabomba, sioni kitu. Halafu nionyeshwe kwa dakika moja, na…”

“Malizia.”

“Na fundi.”

Alilitamka taratibu, kama mtu anayetaja ugonjwa wa ndani ya nyumba. Na baada ya kulitamka nilimwona akivuta pumzi ndefu. Nadhani lilikuwa limemkaa kooni muda wote, hata akiwa amelala na kichwa chake mapajani mwangu, hata akicheka sakafuni.

Bi Mkubwa ndiye aliyejikusanya kwanza.

“Haya, yametokea,” alisema. “Amekosea. Binti, wewe ni mtu mzima, una mtoto, unajua dunia. Sasa mwanangu akose udaktari kwa ajili ya birika? Tia saini, mkagombane nyumbani kwenu. Na mimi nakuahidi hapa mbele yake, harusi yenu naisimamia mwenyewe.”

Harusi yenu. Kwa miaka mitano nilikuwa naisubiri kauli hiyo itoke kwenye kinywa kile. Nilishaifanyia mazoezi hata nitakavyoijibu, nitakavyopiga goti na kushika mikono yake. Msomi naye aliinua uso aliposikia. Akanitazama. Yale macho ya zamani, ya kunisoma kwanza. Alikuwa anasoma kama namba ni nzuri au mbaya.

Najijua. Nikiomba nusu saa ya kufikiri, atakuja tena upande wangu wa meza, atanishika tena pale glavu inapoishia, na saa tisa nitakuwa nimesaini. Kwa hiyo sikuomba hata dakika.

Maabara haina ufutio. Namba ikikosewa hupaki wino juu yake wala huchani ukurasa. Unaipiga mstari mmoja katikati, ili anayekuja nyuma yako asome kilichokosewa. Juu yake unaandika kilicho sahihi, pembeni unaweka herufi za jina lako na tarehe. Nimefanya hivyo miaka kumi na moja. Nilivuta kiti nikafanya hivyo.

Kwenye upande wake nilipiga mstari juu ya kubuni wazo, kupanga utafiti na kukusanya sampuli. Upande wangu nikayaandika: kubuni wazo la kupima maji ya kwanza ya alfajiri, kupanga ugawaji wa chupa, kukusanya sampuli katika nyumba arobaini, kuzipima. Kuosha chupa na kuingiza namba nikayaacha palepale, kwa sababu ni kweli. Kuchambua na kuandika nikamwachia yeye. Aliandika vizuri. Sijamjua mtu mwingine anayeandika maji yakaeleweka vile. Asilimia zote tatu nikazipiga mstari nikaziacha bila kujaza, wajaze wanaojua kupima watu. Herufi zangu, tarehe. Saini. Muhuri wa maabara.

Alikuwa amesimama nyuma yangu anasoma juu ya bega.

“Hiyo siwezi kuipeleka,” alisema.

“Najua. Naituma mimi.”

Nikaiweka kwenye skana. Taa ilipita chini ya kifuniko, ikarudi. Anwani ya ofisi ya masomo ya juu ilikuwa imechapwa chini ya fomu yenyewe. Nikaiandika kwenye barua pepe, nikaongeza ya msimamizi wake, nikaongeza na ya Msomi, asije akaambiwa na watu. Sikuandika hotuba. Niliandika kwamba fomu iliyoambatishwa ina masahihisho ya mwandishi mwenza, na kwamba maabara iko tayari kumpokea mtahiniwa kwa vipimo vya makala nyingine endapo ataongezewa muda.

Hakunishika. Mtu wa kutumia nguvu hakuwa, hilo nisimsingizie. Alisema tu, kwa sauti iliyonikata, “Ukituma hiyo, nimekwisha.”

“Una makala tatu nzuri na mwaka unaoweza kuuomba. Vipimo atakufanyia mwenzangu wa zamu ya jioni. Ana mkono mwepesi, utampenda.”

“Na sisi?”

Nikapeleka kidole kwenye kitufe cha kutuma. Nikabonyeza. Kompyuta yetu ni ya zamani. Ilisita, kile kimviringo kikazunguka, kikazunguka. Ningeweza kuisimamisha. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kuisimamisha na kidole changu kilikuwa karibu. Ikaandika kwamba imetumwa.

Nikamgeukia, nikanyoosha mkono.

“Ufunguo wa nyumba yangu.”

Alidhani amesikia vibaya. Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa fungu la funguo, akautafuta wangu, ule wenye kichwa cha mraba, akaanza kuuchomoa kwenye kile kiduara cha chuma. Kilikuwa kigumu na kucha zake amezitafuna wiki nzima mpaka kwenye nyama. Akauzungusha, ukanasa. Akajaribu tena, funguo zote zikamtoka, zikaanguka sakafuni. Akaziokota na kujaribu tena ameinama, na nikaona tone likidondoka kwenye kiatu chake. Sikumsaidia. Ningegusa vidole vile, mambo yote yangeanza upya.

Bi Mkubwa akainuka kwenye kigoda. Alizichukua funguo mkononi mwa mwanawe, akapachika ukucha wake kwenye kile kiduara, akautelezesha ufunguo wangu polepole mpaka ukatoka. Jambo hilo aliliombea miaka mitano, na usoni mwake sikuona hata chembe ya furaha. Akauweka kiganjani mwangu.

Ulikuwa bado na joto la mfuko wa Msomi.